Namna ya Kuzungumza na Marafiki Kuhusu Riwaya Kongwe na Vitabu vya Utotoni

Wasomaji wengi wa Kiswahili walikutana na riwaya kongwe darasani, na walikutana nazo kama kazi ya mtihani. Aliyesoma Tanzania alifundishwa kuichambua kila kazi kwa fani na maudhui, akaorodhesha dhamira, migogoro, ujumbe na falsafa ya mwandishi. Aliyesoma Kenya alitakiwa kuliweka dondoo katika muktadha wake ili apate alama nne, na mara nyingi alinunua mwongozo asije akalazimika kukirudia kitabu chenyewe. Ndiyo maana watu wazima wanapojaribu kuzungumza kuhusu vitabu hivyo, mazungumzo huisha mapema: mmoja husema alikisoma akiwa kidato cha pili, mwingine husema kilikuwa kizuri, na wote wakahamia kwenye siasa au mpira. Maelekezo haya yanahusu namna ya kuyafanya mazungumzo hayo yaende mbali zaidi, na msingi wake ni mmoja: kitabu kisomwe upya kabla ya kuzungumzwa, na kiwepo mkononi wakati kinapozungumzwa. Kumbukumbu za zamani zina nafasi yake, lakini zije barazani ili zipimwe kwa maandishi.

Watu na mahali

Watu wanne hadi saba wanatosha. Wakizidi hapo, wawili au watatu hugeuka wasikilizaji, na msemaji hodari huchukua jioni nzima. Ni vyema wasiwe wamelelewa mahali pamoja, kwa kuwa aliyekulia Unguja, aliyekulia Mwanza na aliyekulia Nakuru hawakusoma vitabu vilevile vya kiada, na tofauti hiyo ndiyo itakayowapa cha kuulizana. Mwenyeji wa siku asiwe ndiye anayeongoza mazungumzo. Mtu anayehangaika na birika la chai na sahani za vitumbua hawezi kukumbuka nani aliinua mkono. Kukutana mara moja kwa mwezi kunafaa kwa watu wenye kazi na watoto. Wanaoishi mbali, wakiwemo walio Muscat, London au Toronto, wanaweza kujiunga kwa simu, ila kundi la WhatsApp libaki la kupanga saa na kutumiana habari za nakala, kwa sababu mjadala ukishamalizikia humo siku tatu kabla, watu hufika barazani wakiwa hawana jipya la kusema.

Kuchagua kitabu cha kwanza

Hapa ndipo vikundi vingi hupotea. Hamu huwafanya watu waanze na kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote au kinachoogopwa kuliko vyote, na nusu yao hawakimalizi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kazi yenye heshima kubwa lakini ngumu, na kundi ambalo halijazoeana halifai kuanza nayo. Anzeni na kitabu kifupi chenye ugomvi wa kweli ndani yake.

Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, inafaa sana kwa kazi hiyo. Inasomeka kwa siku mbili tatu, na kisa chake kinawagawa wasomaji upesi: Adili analazimika kila usiku kuwachapa manyani wawili, kisha anawalisha na kulia juu yao, kwa kuwa manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Swali la kuuliza hapa lisiwe kuhusu tabia ya Hasidi, kwa sababu jina lake limekwisha kujibu. Ulizeni kama msamaha wa Adili unaaminika, na kama mmoja wenu angeuweza. Watu ambao hawajawahi kusema neno kuhusu fasihi watazungumza kwa muda mrefu kuhusu ndugu, mali na wivu, na kazi ya kiongozi itakuwa kuwarudisha kitabuni kila wanapokwenda mbali mno na Adili.

Kusadikika ya mwandishi huyohuyo, ya mwaka 1951, inadai utayari zaidi. Karama anashitakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nje ya nchi, waliporudi na faida wakaishia kifungoni. Msomaji wa leo asiyekumbushwa kwamba kitabu kilitoka wakati Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza anaweza kukiona kama hekaya tulivu tu ya nchi inayoelea angani. Kiongozi alitaje jambo hilo mwanzoni, kisha aulize kwa nini mwandishi wa wakati ule aliona heri kuiweka nchi yake hewani. Swali hilo pekee linaweza kujaza saa nzima.

Kwa kundi linalopenda mafumbo, chukueni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Hii igawanywe kwa mikutano miwili. Mkutano wa kwanza usimame katikati ya kitabu, na kila mmoja aandike kwenye kikaratasi jina la anayemshuku pamoja na sababu yake, karatasi zikusanywe na zifunguliwe mkutano wa pili. Njia hii ina faida kuliko mchezo wenyewe: inawalazimisha watu kusoma kama Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, anavyotazama, yaani kwa kuzingatia vitu vidogo, na inaonyesha namna mwandishi alivyowapoteza njia kwa makusudi, hasa wale ambao wako tayari kuamini kwamba mzimu unaweza kuua.

Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, iwekwe baadaye, watu wakishaaminiana. Riwaya hiyo inayoanzia Ukerewe iliwahi kuzuiwa shuleni kwa muda, na bado inauma. Baba anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, binti anakua bila kufundishwa jinsi ya kusimama mbele ya wanaume, na msomaji anaachwa aamue kosa ni la nani. Katika mazungumzo ya kitabu hiki wanawake wapewe nafasi ya kusema kwanza. Si suala la adabu tu. Wanaume wakitangulia, mjadala huelekea kuwa kesi ya Rosa, na Zakaria baba yake husahaulika kwenye kona.

Baada ya hapo njia ni pana. Kuli ya Adam Shafi (1979) inakwenda vizuri ikiwa mmoja atajitolea kusoma habari za mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948 na kuwasimulia wenzake kwa dakika kumi. Vuta n'kuvute ya mwandishi huyohuyo (1999) ina filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021. Itazameni baada ya kuisoma riwaya, kamwe si kabla. Wakenya waliosoma Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996, mara nyingi huiomba wenyewe, na wenzao wa Tanzania hufurahi kuona kwamba kisa kinaanzia Tanga.

Nakala

Jambo hili ni la kiutendaji, na likipuuzwa linaua kundi. Vitabu vingi vya zamani havipatikani madukani kila wakati, hivyo chagueni kitabu baada ya kuhakikisha kwamba angalau nusu ya watu wanaweza kukipata. Tafuteni kwanza maktaba za umma, kisha wauzaji wa vitabu vilivyotumika wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara mijini, kisha wachapishaji wenyewe, ambao mara nyingine huwa na nakala ghalani ambazo maduka yameacha kuagiza. Nakala moja inaweza kusomwa na watu wawili wakipangiana wiki. Kwa kuwa matoleo hutofautiana kurasa, tajeni sura na tukio badala ya namba ya ukurasa. Vinginevyo robo ya mkutano itapotea katika kutafuta mahali.

Usomaji wenyewe ufanywe na penseli. Kila mmoja aweke alama mahali patatu tu: palipomfurahisha, palipomkera na asipopaelewa. Alama zikiwa nyingi hazisaidii. Miongozo ya mitihani ibaki nyumbani, kwa sababu aliyeisoma huja na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza.

Kuongoza mazungumzo

Anzeni kwa kusoma kwa sauti, nusu ukurasa au ukurasa mmoja, uliochaguliwa na mtu tofauti kila mara. Riwaya hizi ziliandikwa na watu waliokulia katika mashairi na masimulizi, na sentensi ya Shaaban Robert ambayo jichoni inaonekana nzito huwa nyepesi ikitamkwa. Baada ya kusoma, aliyechagua aeleze kwa nini alipachagua, na mjadala uanzie hapo.

Maswali yenye jibu moja yaepukwe. Ukiuliza dhamira kuu ni ipi, kila mtu hurudi darasani na kutoa orodha. Uliza badala yake ni mhusika gani uliyemwonea huruma ingawa mwandishi hakutaka aonewe huruma. Ni mahali gani ulihisi mwandishi anakuhubiria. Ni tukio lipi ambalo lingeandikwa tofauti leo, na je, lingekuwa bora. Kila anayetoa dai kali afungue kitabu na kusoma mahali panapolithibitisha. Kanuni hii huonekana ya kikatili mwanzoni, lakini baada ya mikutano michache watu huifurahia, kwa sababu inampunguzia nguvu yule mwenye sauti kubwa na kumpa nguvu aliyesoma kwa makini.

Asiyemaliza kitabu aruhusiwe kuja na kusikiliza, ila asitegemee wengine wafiche mwisho kwa ajili yake.

Vitabu vya utotoni

Kila baada ya riwaya mbili au tatu, tengeni mkutano mmoja kwa vitabu vya utotoni. Huu si mkutano wa kupumzikia. Kwa maoni yangu ndio unaofundisha zaidi, kwa sharti kwamba usiachwe uwe kikao cha kusifu siku zilizopita.

Wiki chache kabla, kila mmoja ataje kitabu au somo analolikumbuka na aandike, bila kulitafuta, kisa chake kwa sentensi tano au sita. Kisha alitafute na kulisoma. Watanzania wa rika fulani watataja mashairi ya vitabu vya Kiswahili vya shule ya msingi: Karudi Baba Mmoja, lenye mzee mgonjwa anayewaachia wanawe habari ya mali iliyo shambani, au lile la sungura anayeshindwa kuzifikia ndizi mbivu akajidai kwamba ni mbichi. Wengine watataja Hekaya za Abunuwasi. Wazee wao wanaweza kukumbuka Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya riwaya ya Kiingereza ya mwaka 1885 iliyosomwa sana enzi za ukoloni. Na wako ambao nyumbani kwao hapakuwa na kitabu hata kimoja. Hao walete ngano waliyosimuliwa na bibi yao, na ihesabiwe sawa na kitabu.

Mkutanoni, kila mmoja asome kwanza alichokiandika kutoka kichwani, kisha asome maandishi yenyewe. Tofauti kati ya viwili hivyo ndiyo mada. Mtu aliyekumbuka kwamba baba wa shairi aliwaachia wanawe hazina ya fedha hugundua kwamba mali ilikuwa ni shamba na jembe, na ana haki ya kujiuliza kwa nini utoto wake ulibakiza dhahabu na kusahau kazi. Aliyempenda Abunuwasi kwa sababu alikuwa mjanja, akisoma tena kisa cha sufuria lililozaa na kisha likafa, anaona kwamba alicheka pamoja na mwizi; basi ulizeni ni nani aliyedanganywa, na kama alistahili. Mfananisheni na sungura wa ngano za bara, ambaye naye huiba, hudanganya na mara nyingi huponea chupuchupu, kisha mtazame kama kuna mjanja hata mmoja katika hadithi zenu ambaye ni tajiri au ana cheo. Naye mzee aliyeisoma Mashimo kama hadithi ya safari na almasi, akiirudia sasa, ataona ni akina nani wanaopewa majina na mawazo na ni akina nani wanaobeba mizigo. Asilaumiwe kwa kuipenda alipokuwa mtoto. Aulizwe wakati ule alijiona yu upande wa nani.

Kitabu kinachopendwa na mtu tangu utotoni kisidhihakiwe mbele yake. Mnaweza kukikosoa kama mnavyokosoa riwaya, kwa maandishi yaliyo mezani, lakini kicheko cha dharau hufunga mdomo wa mwenye kitabu kwa miezi kadhaa. Walio na watoto wawaalike siku hiyo kwa nusu saa ya mwanzo na kuwasomea kimojawapo. Mtoto wa miaka minane huuliza maswali ambayo watu wazima wanaona aibu kuyauliza, na atasema wazi kitabu kinapomchosha.

Kabla ya kutawanyika

Kabla hamjaagana, dakika kumi zitumike kwa mambo matatu: kuchagua kitabu kijacho, kumtaja mtu atakayezitafuta nakala, na kuandika kwenye daftari la kundi swali moja ambalo halikupata jibu, likiwa na tarehe na jina la kitabu. Daftari hilo lishikwe na watu kwa zamu. Mkifika kwenye riwaya ya tano au ya sita, fungueni maswali ya nyuma, kwa kuwa mara nyingi swali lililowashinda katika Kusadikika, kwa mfano la kwa nini watawala humwogopa mtu anayerudi na maarifa kutoka ugenini, huwa na jambo la kujibiwa mtakapoifikia Kuli.