Somo: Umefunga injini mpya ya box kwenye pikipiki, kadi bado inasoma namba ya zamani

Wakuu, hii inawakuta sana wenye hizi pikipiki za Kichina aina ya CG. Injini imekufa, fundi anakwambia kuisuka (kuifungua na kubadili vilivyokufa ndani) ni hasara bora uchukue ya box Kariakoo, unafunga, chombo kinawaka freshi, maisha yanaendelea mpaka siku trafiki anainama na kadi mkononi anasoma namba kwenye injini hazifanani. Hapo pikipiki inalala kituoni na wewe ndo unahangaika kuonesha kwamba injini sio ya wizi. Naongelea Tanzania bara, kadi za usajili wa chombo zinazotolewa na TRA (Mamlaka ya Mapato).

1. Dukani, kabla hujatoa hela
Kazi kubwa iko hapa, huko mbele ni kupanga foleni tu. Dai risiti ya EFD yenye jina lako, na namba ya injini iandikwe kwenye risiti au invoisi, sio "injini moja" basi. Omba na kopi ya hati ya forodha iliyoingizia mzigo, ile TANSAD. Muagizaji anayo, wa rejareja atakuzungusha kidogo lakini komaa nae palepale maana ukishatoka na box yako hakujui tena.

Halafu fungua box usome namba mwenyewe. Nyingi zinaanza na kitu kama 156FMI au 162FMJ na sio mapambo: 1 ya mwanzo ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F inapozwa na upepo, M pikipiki, I ni kundi la cc 125, J ni 150, L ni 200. Kwahiyo kama kadi yako ni ya cc 125 na umeuziwa FMJ ujue hubadilishi namba tu, na ujazo wa injini nao unabadilika, useme mapema.

2. Ukaguzi wa polisi
Unaenda na pikipiki yenyewe kwa mkaguzi wa vyombo wa trafiki, pamoja na kadi na makaratasi ya injini. Atasoma chesesi pale shingoni mwa fremu na namba ya injini kwenye kesi (lile gamba la chuma la injini), anakupa ripoti. Kabla hujaenda futa grisi kwa kitambaa na petroli ila USIPIGE MSASA, namba yenye mikwaruzo inaonekana kama imechezewa na utaeleza mpaka jioni.

3. TRA
Anaeomba ni mwenye jina kwenye kadi. Beba kadi halisi, TIN, kitambulisho, ripoti ya ukaguzi, risiti, kopi ya forodha na barua fupi ya kuomba kubadilisha taarifa za chombo. Unapewa kontrol namba, unalipa kwa simu au benki. Kadi mpya ikitoka isome herufi kwa herufi kabla hujaondoka, 8 na B zinachanganywa sana. Baada ya hapo mpigie wakala wa bima arekebishe kwake pia.

Kuna mafundi watakwambia wanasaga namba mpya wanagonga ya zamani ili ifanane na kadi. Hiyo ni jinai, na mkaguzi mzoefu anaijua kwa kuangalia mpangilio wa herufi tu.

MASWALI

*Mkuu mimi nimebadili silinda, pistoni na hedi, kesi ni ileile. Inanihusu?*
Hapana. Namba iko kwenye kesi, hapo umesuka tu. Ila kama umeweka silinda kubwa kuongeza cc, hiyo ni habari nyingine.

*Pikipiki ni ya mkataba (namlipa bosi kidogo kidogo mpaka iwe yangu), kadi ipo kwa bosi, injini nimenunua kwa hela yangu.*
Bosi ndo aende, au akupe barua pamoja na kadi. Na mwandikishane kwamba injini umenunua wewe, maana mkataba ukivunjika katikati injini inabaki kwake na huna pa kushika.

*Nimepata injini ya jamaa, pikipiki yake iligongwa fremu ikapinda.*
Inawezekana, ila hapo badala ya forodha unahitaji kopi ya kadi yake na hati ya mauziano yenye saini na mashahidi. Kama jamaa hana kadi achana nayo hata akikupa bure.

*Nimeuziwa kesi haina namba kabisa, plein.*
Irudishe upewe yenye namba. Duka likigoma nenda kwa mkaguzi na risiti kabla hujaifunga, usimruhusu fundi agonge chochote.

*Kuna kishoka anasema anamaliza kila kitu bila pikipiki kufika kwa mkaguzi, bei poa.*
Mwambie akuletee kontrol namba yenye jina lako ulipe mwenyewe. Utaona atakavyobadilisha mada.