Jinsi ya Kutunza Barua na Kumbukumbu za Enzi za Kujirusha na Roki

Kazi yangu ni kutunza karatasi za zamani, na masanduku yanayonigusa kuliko yote ni ya watu waliokula ujana wao kwenye maonyesho ya roki. Ndani utakuta barua, tiketi zilizochanwa nusu, vipeperushi, beji, kanda, tisheti yenye orodha ya miji mgongoni. Wenyewe huniletea wakisema ni takataka. Mimi sikubali, na kama una sanduku la namna hiyo, fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Usitenganishe kitu

Wengi wakishafungua sanduku huanza kugawa: barua huku, tiketi kule, picha pale. Subiri kwanza. Niliwahi kufungua bahasha yenye barua iliyoandikwa nyuma ya kipeperushi cha onyesho. Kwenye mstari wa tatu palikuwa na duara la kahawia lililoachwa na glasi, na katikati ya mkunjo, nusu ya tiketi ya usiku uleule. Mwandishi alikuwa akimsimulia rafiki yake aliyelikosa onyesho, akamtumia na tiketi ili naye awe na kitu cha kushika mkononi. Tiketi hiyo ukiihamishia kwenye fungu la tiketi, unabaki na tarehe na namba ya kiti tu.

Kwa hiyo piga picha kila tabaka la sanduku kabla ya kuligusa. Kisha ipe kila bahasha namba kwa penseli laini, na namba hiyohiyo uiandike kwenye kila kilichomo. Bahasha zenyewe usizitupe hata kidogo: vijana huandika “Jumamosi usiku” bila mwaka, na mara nyingi tarehe utaipata kwenye muhuri wa posta peke yake.

Hatua ya 2: Ondoa vinavyoharibu

Nawa mikono, ikauke kabisa. Kwa barua sishauri glavu za pamba, kwa sababu vidole hukosa hisia na karatasi huchanika pembeni. Toa mipira ya kufungia, vibanio na pini, maana mpira huyeyuka na chuma hushika kutu. Pini ya stepla ifungue miguu kwa nyuma, ndipo uichomoe polepole. Selotepu iliyojibandua yenyewe iondoe, iliyong'ang'ania iache. Vijiti vya kung'aa gizani tupa, vikizeeka huweza kuvuja. Karatasi zenye kuvu zitenge na nyingine siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Tiketi zishughulikie mapema

Nilipokuwa naanza kazi hii, niliipitisha tiketi kwenye mashine ya kufunikia karatasi kwa plastiki, nikiamini naihifadhi. Ilitoka nyeusi tii, hakuna herufi hata moja inayosomeka. Bado inaniuma. Tiketi nyingi za mashine huchapwa kwenye karatasi inayogeuka rangi kwa joto, kama risiti za dukani. Mwanga huzififisha, na mifuko laini ya PVC (aina ya plastiki) pia huzififisha. Ziskani leo, kabla ya kitu kingine chochote, kisha ziweke gizani.

Hatua ya 4: Zipe mahali pa kukaa

Barua zikunjue, zilaze kwenye folda za karatasi isiyo na asidi. Picha zitie kwenye mifuko ya plastiki ya poliesta au polipropilini. Mfuko unaotoa harufu kali ya plastiki mpya usiutumie. Vipande vya magazeti viweke peke yake, kwani asidi yake hutia madoa ya manjano kwenye karatasi jirani. Beji na vipande vya plastiki vya kupigia gitaa navyo vitenge. Kanda zisimame wima, mbali na spika, kwa sababu ndani ya spika mna sumaku. Tisheti ifue, ikauke, uiviringishe badala ya kuikunja juu ya maandishi.

Sanduku lisikae sakafuni wala darini. Liweke kwenye kabati la chumba ambacho wewe mwenyewe unakaa kwa raha, pasipo joto kali wala unyevu.

Hatua ya 5: Skani

Barua zinatosha kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Picha ndogo na tiketi, 600. Skani kwa rangi hata kama wino ni mweusi, na usisahau upande wa nyuma. Jina la faili lianze na mwaka, mwezi, siku. Weka nakala sehemu mbili tofauti.

Hatua ya 6: Andika nani ni nani

Barua za ujana zimejaa majina ya utani. Leo unajua “Mrefu” ni nani na kwa nini mlirudi kwa miguu alfajiri ile, mwanao hatajua. Andika kwenye karatasi ya pembeni, si juu ya barua. Ile inayokuaibisha usiichane kwa hasira ya usiku mmoja: ifunge kwenye bahasha, andika ni nani aruhusiwe kuifungua na lini.

Ukitaka kuweka barua mtandaoni, mwombe ruhusa aliyeiandika. Karatasi ni yako, lakini katika nchi nyingi hakimiliki ya maneno ni yake. Unapompigia, muulize kama naye bado ana barua zako. Akiwa nazo, omba nakala, uzipange kwa tarehe katikati ya zake.