Harara za kaskazi: namna ya kuituliza ngozi inayowashwa na jasho

Kaskazi ikishika, hasa Februari na Machi, hewa ya Lamu na Malindi hujaa unyevu na jasho halikauki mwilini. Ndipo shingo, mgongo, kiuno na mikunjo ya viwiko inapoanza kuwasha na kuchomachoma. Wengi hukimbilia krimu. Lakini harara haiponi kwa kupaka, inapona mwili ukipoa na kukauka. Krimu ni nyongeza tu, na mara nyingi ndiyo inayoharibu.

Jasho hutoka kwenye tezi zake kupitia mirija myembamba hadi juu ya ngozi. Ngozi ikishinda imelowa, seli zake zilizokufa huvimba na kuziba mdomo wa mrija. Jasho likikosa njia huvujia ndani, na hapo vipele hutoka. Mrija ukiziba juu kabisa utaona vilengelenge vidogo vya maji visivyowasha, ambavyo hupasuka vyenyewe upesi. Ukiziba chini kidogo ndiyo harara yenyewe, ile ya kuwasha. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, kwani hauonekani vizuri. Vipele huwa vya rangi ya ngozi, vyeusi kidogo au vya kijivu, na ukipitisha kiganja unahisi ngozi imekuwa msasa.

Kwanza hakikisha ni harara

Kuna mambo matatu yanayofanana nayo, na dawa zake si moja.

Vipele vikitoka dakika chache tu baada ya kukimbia, kuoga maji moto au kula pilipili, kisha vikapotea ndani ya saa moja hivi, hiyo ni aleji inayoamshwa na joto la mwili. Mtu mzima humeza setirizini ya miligramu 10 mara moja kwa siku, na ni bora usiku kwa sababu huweza kuleta usingizi. Asiye na uhakika nayo asiimeze kabla ya kuendesha bodaboda au kushika usukani wa mashua. Midomo ikivimba, pumzi ikibana au mtu akizimia, mkimbizeni hospitali papo hapo.

Ngozi ikiwa mbichi na yenye harufu chini ya matiti, kinenani au kwapani, huku vipele vidogo vikitapakaa pembeni ya doa kubwa, hiyo ni fangasi. Na muwasho ukizidi usiku, ukawa kati ya vidole na kwenye vifundo vya mikono, na watu wengine nyumbani wakijikuna pia, huo ni upele wa kuambukiza. Hapo nyumba nzima hutibiwa siku moja.

Ikiwa ni harara

Oga maji baridi mara mbili au tatu kwa siku, na sabuni itumie mara moja tu, tena isiyo na manukato. Dodoki liache ukutani, kwa kuwa kusugua huchubua ngozi na kuzidisha uvimbe. Maji ya visima vingi vya Lamu yana chumvi, na chumvi ikikaukia mwilini huwasha yenyewe. Kama maji ya pepo, yaani yasiyo na chumvi, ni haba, weka lita mbili tatu za kujimwagia mwisho. Fanya hivyohivyo ukitoka baharini.

Ukishaoga jipanguse kwa kugusagusa bila kusugua, kisha kaa dakika kumi chini ya pangaboi au penye upepo kabla ya kuvaa. Hatua hii wengi huiruka, wakavaa nguo juu ya ngozi mbichi, halafu wakashangaa kwamba kuoga hakukusaidia.

Panapochoma sana, lowesha leso ya pamba kwa maji baridi, ikamue na iweke hapo dakika 10 hadi 15. Barafu usiiweke moja kwa moja kwenye ngozi. Baada ya hapo unaweza kupaka losheni ya kalamini tabaka jembamba. Muwasho ukikunyima usingizi, krimu ya haidrokotizoni ya asilimia 1 inatosha, mara mbili kwa siku, isizidi wiki moja, na usiipake usoni wala kwa mtoto mchanga bila kuelekezwa na daktari.

Mafuta ya nazi na mafuta mazito ya mgando yaache kabisa mpaka ngozi itulie, maana yanaziba mirija ileile unayotaka ifunguke. Poda nyingi nayo hugeuka uji kwenye mikunjo. Ndimu ni hatari zaidi: ngozi iliyopakwa ndimu ikipigwa na jua huungua, ikatoa malengelenge na kubaki na alama nyeusi kwa muda mrefu.

Na liwa? Hupoza, na hatuoni sababu ya kuikataza. Iwe msandali mtupu uliochanganywa na maji safi, bila marashi, ipakwe nyembamba na kuoshwa kabla haijakauka ikapasuka. Ijaribu kwanza ndani ya mkono na usubiri siku moja. Palipochubuka usiiweke.

Krimu za mchanganyiko ndizo za kuogopwa hasa, zile zenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki katika tyubu moja. Muwasho hukatika siku mbili, mtu akaisifu, lakini ngozi inazidi kuwa nyembamba, na kama ni fangasi, inaenea chinichini. Soma maandishi ya tyubu. Ukikuta klobetasoli au betamethasoni, ndizo steroidi hizo, irudishe.

Nguo, kitanda na kazi

Kikoi cha pamba kilicholegea ni bora kuliko suruali ya kubana. Mabuibui mengi ni ya poliesta, kwa hiyo vaa pamba chini yake na ulivue buibui ufikapo nyumbani. Godoro la sponji lenye ganda la plastiki hushika joto la mgongo usiku kucha, basi tandika shuka mbili za pamba, au lala kitanda cha kamba chenye mkeka.

Hamali, mpishi wa jikoni na baharia wabebe shati la pili na wabadilishe la kwanza likilowa. Harara iliyotapakaa mwili mzima huzuia jasho kutoka, na mwili hushindwa kujipoza. Kichwa kikiuma, kizunguzungu kikija au moyo ukichafuka, kazi isimame, mtu akae kivulini na anywe maji. Akianza kuweweseka, apelekwe hospitali mara moja huku akimwagiwa maji na kupepewa. Wageni kutoka bara huhitaji wiki moja hadi mbili kulizoea joto hili, hivyo wasijikaze siku za mwanzo.

Mtoto mchanga hupata harara upesi kwa sababu ya kupakwa mafuta na kufungwa nguo juu ya nguo. Vazi moja jepesi linamtosha. Gusa kisogo chake, kikiwa na jasho mpunguzie. Aliye chini ya miezi mitatu akiwa na joto la digrii 38 au zaidi, hilo si la kungoja kesho.

Harara iliyopozwa vizuri hutulia kwa siku chache. Ikipita wiki, au vipele vikatoa usaha, vikauma na kuvimba kwa moto, nenda kituo cha afya, huenda bakteria wameshaingia.

Na kwa ile fangasi ya mikunjo tuliyoitaja mwanzoni, kausha vizuri, paka klotrimazoli ya asilimia 1 mara mbili kwa siku kwa wiki mbili hadi nne, na endelea hata muwasho ukiisha. Chini ya matiti weka kipande cha kitambaa safi cha pamba, ukibadilishe kila kikilowa.