SOMO: Kupima hewa ya mapafu kwa dumu, ndoo na mpira

Naandika mara moja ili nisiulizwe tena "mbona yangu imetoka lita 7". Uwezekano mkubwa haikutoka lita 7, na hatua ya 5 inakuhusu.

Tunachopima ni hewa yote unayoweza kuitoa kwa pumzi moja baada ya kujaza kifua mpaka mwisho. Mtu mzima kwa kawaida hupata kati ya lita 3 na 5.

Vifaa: dumu la plastiki linaloonyesha ndani, lita 6 hadi 10, ndoo ya lita 20, mpira wa mita moja wenye tundu la sentimita 1.5 hadi 2. Kibanio cha pua. Na kipande safi cha bomba cha mdomoni, kila mtu na chake.

1. Tia alama. Dumu likiwa wima, mimina maji mililita 250 kila mara na uchore mstari, sifuri ikiwa kitakoni. Ukilipindua, hewa itakaa kitakoni palepale, hivyo namba ni zilezile. Ziandike kichwa chini, utanishukuru.

2. Jaza dumu pomoni, ziba mdomo kwa kiganja, lipindue ndani ya ndoo yenye maji theluthi moja. Ukiona povu la hewa kitakoni, rudia.

3. Ingiza mpira kwenye mdomo wa dumu bila kuuziba. Maji lazima yapate pa kutokea.

4. Bana pua, kaa wima, jaza kifua, kaza midomo kwenye bomba, toa polepole mpaka kusibaki kitu. Usivute hewa kupitia mpira.

5. Kusoma. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Pumzi ikiisha tu, kunja mpira uubane kabla ya kuutoa mdomoni. Maji ya ndani ya dumu yakiwa juu kuliko ya ndoo, shinikizo la ndani ni dogo kuliko la nje, na mpira ulio wazi ambao ncha yake imefika kwenye hewa utanyonya hewa ya chumbani. Hapo ndipo lita za bure zinapoingia. Kisha inua au shusha dumu mpaka maji ya ndani na ya ndoo yawe usawa mmoja. Tofauti ya sentimita 20 peke yake inakosesha kama asilimia 2, yaani mililita 80 kwenye lita 4. Jicho liwe sambamba na mstari. Subiri nusu dakika hewa ipoe, usilale hapo, maana kaboni dayoksaidi huyeyuka majini.

6. Zidisha. Hewa ilitoka mwilini kwa nyuzi 37, majini imesinyaa. Maji yakiwa nyuzi 20 zidisha kwa 1.102, nyuzi 25 kwa 1.075, nyuzi 30 kwa 1.045.

7. Rudia mara tatu ukipumzika katikati, chukua kubwa kuliko zote. Mbili kubwa zikipishana zaidi ya mililita 150, bado hujatoa pumzi yote.

Kizunguzungu kikija, acha. Aliyetoka kupasuliwa kifua, tumbo au jicho, aliyepata shambulio la moyo karibuni, au anayekohoa damu, asijaribu.

MASWALI

— Mkuu, chupa ya lita 1.5 inafaa?
Soma vifaa.

— Nimepata lita 2.4. Nina pumu?
Dumu halijui pumu. Kwenye pumu kinachoangaliwa hasa ni kasi: sehemu ya pumzi inayotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Hiyo inahitaji spirometa, mashine inayopima kiasi na kasi ya pumzi. Na hujataja urefu, umri wala kama ulizidisha.

— Nilizidisha, ila nilipuliza kwa nguvu zote, maji yakarukaruka.
Ndiyo maana nimeandika polepole.

— Hewa inayobaki kifuani baada ya kutoa yote, tunaipataje?
Swali zuri. Kwa kupuliza haipatikani, maana haitoki kamwe. Kwa mtu mzima ni kama lita 1.2. Maabara hutumia heliamu, ambayo haiyeyuki kwenye damu kwa kiasi cha kujali. Mtu anaunganishwa na chombo mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida, anapumua humo mpaka mchanganyiko utulie. Tuseme chombo cha lita 3 chenye heliamu asilimia 10 kimeshuka hadi 5.5: mapafu yalikuwa na 3 × (10 − 5.5) ÷ 5.5, karibu lita 2.45. Toa hewa ambayo bado angeweza kuisukuma nje kuanzia hapo, tuseme 1.2, inabaki 1.25.

— Na pumzi ya kawaida tu?
Vuta kwa pua, toa kwa mpira, mara tano bila kujikakamua, kisha gawa kwa tano. Tarajia karibu nusu lita. Kibanio usikiweke hapa.

— Nyongeza: ukihesabu pumzi kwa dakika, usimwambie mtu. Shika mkono wake kana kwamba unahesabu mapigo, utazame kifua. Akijua tu, anabadilisha.
Kweli kabisa. Na hesabu dakika nzima, si sekunde 15 mara nne.