Jinsi ya kujua bia ya wamonaki kama ni ya wamonaki kweli

Shemeji yangu baharia, waja leo waondoka leo wa ukweli, safari iliyopita kashuka bandarini Tanga na chupa moja nzito ina picha ya mzee wa upara kwenye joho, anacheka na kikombe mkononi. Akasema hii imepikwa na wamonaki, yaani watawa wa kiume, wa Ubelgiji, kainunua huko huko kwa bei ya kulia. Tumekaa Raskazone nikaigeuzageuza nikamwambia shemeji umepigwa. Akanuna. Sasa kabla na wewe hujapigwa soma hapa.

Kwanza achana na picha. Mmonaki kwenye lebo ni sawa na ng'ombe kwenye kopo la maziwa ya unga. Ukiona imeandikwa Abbaye au Abdij, yaani abasia, monasteri kubwa, bado usishangilie, maana Leffe nayo ni bia ya abasia ila inapikwa mjini Leuven kwenye kiwanda cha AB InBev, kampuni kubwa ya bia, abasia yenyewe inapata chake kwa jina kutumika. Sio bia feki jamani, ni nzuri tu, ila mtawa hajaigusa.

Unachotafuta ni alama ndogo ya pembe sita imeandikwa Authentic Trappist Product. Hiyo inatolewa na umoja ulioanzishwa 1997 na abasia za Watrapisti wenyewe, shirika moja la watawa wa Kikatoliki, kulinda jina lao. Bia ipikwe ndani ya kuta za monasteri au pembeni yake, watawa wapike au wasimamie, na hela itunze watawa na majengo, inayobaki iende kwenye misaada. Hapo kwenye "wasimamie" ndo pa kuelewa vizuri, usidhani utamkuta mtawa anakoroga pipa, wafanyakazi wengi ni raia wa mshahara kama mimi na wewe, na watawa wenyewe ni wachache na wanazeeka. Achel ya Ubelgiji ilipoteza alama 2021 kwa sababu watawa hawakuwepo tena pale, japo bia iliendelea kupikwa. La Trappe ya Uholanzi nayo ilikosa kuanzia 1999 mpaka 2005, kisa ubia na kampuni kubwa ya bia. Kwa hiyo alama haikwambii bia ni tamu, inakwambia imesimamiwa na nani na hela inaenda wapi, utamu ni kazi ya ulimi wako.

Halafu usichanganywe na namba. Rochefort 10, bia ya Watrapisti, haina kilevi asilimia 10, ina 11.3, wakati mwenzake Orval ina 6.2. Bia zetu za kawaida zinazunguka kwenye 5, sasa wewe piga hesabu mwenyewe kabla hujasema unaongeza ya pili na bodaboda inakusubiri nje.

Kunywa nako kuna namna yake. Nyingi zina hamira iliyo hai humo humo kwenye chupa, kwa hiyo isimamishe kwanza itulie, usilaze, na usiigandishe kama tunavyopenda sisi na joto letu hili, ikiwa baridi sana husikii kitu. Mimina polepole kwenye glasi pana, ukiona machicha yanakaribia mdomo wa chupa acha. Ukimimina yote hufi, inakuwa na ukungu tu.

Na kama unataka tu kinywaji cha mkono wa mtawa bila pasipoti, panda gari la Lushoto ushuke Soni uulizie Sakharani kwa Wabenediktini. Huko ni divai na makadamia, na hakuna haja ya kutafuta pembe sita, shamba unaliona kwa macho.

Shemeji nimemwambia safari ijayo apige picha mgongo wa chupa anirushie kabla hajalipa. Ile yake tuliinywa hivyo hivyo na pweza, na chupa nimebaki nayo mimi, mke wangu anawekea mafuta ya taa.