Namna ya Kuiandaa Barabara ya Mtaa Jijini Mbeya Kabla Mvua Hazijaanza

Jijini Mbeya mvua huanza kunyesha mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na maji hushuka kwa kasi kutoka Mlima Loleza kuelekea makazi ya watu. Barabara ya udongo huharibiwa zaidi na maji yasiyo na pa kupita kuliko magari, kwa hiyo kazi ya kuitunza ianzie mtaroni.

Kwanza tambueni barabara inasimamiwa na nani. Barabara kuu ya kwenda Tunduma, pamoja na barabara za mkoa, ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, ilhali barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, ulioanza kazi mwaka 2017. Uzoaji wa taka ni jukumu la Halmashauri ya Jiji. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na bajeti huandaliwa miezi mingi kabla. Ombi la matengenezo linalopelekwa TARURA barabara ikiwa imeshakatika huwa limechelewa. Lipitisheni kwenye mkutano wa mtaa, kisha barua yenye muhuri wa mtaa itaje barabara inapoanzia na inapoishia, makalavati yaliyoziba, na iambatane na picha zilizopigwa mvua ikinyesha. Nakala apewe diwani.

Kazi ya wakazi wenyewe ifanyike Oktoba. Zibueni mitaro na midomo yote miwili ya kila kalavati, na tope linalotolewa lisiachwe ukingoni hata siku moja, kwa maana mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Penye mteremko mkali, pangeni vizuizi vidogo vya mawe kukatiza mtaro, katikati pakiwa chini kuliko pembeni, ili maji yapunguze kasi bila kuchimba kingo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni vivuko vya kuingilia majumbani. Mwenye nyumba mmoja akijaza kifusi mtaroni, au akilaza bomba jembamba ili gari lake lipite, maji ya mtaa mzima hupanda barabarani, na wanaoteseka ni watoto waendao shule na akina mama wenye mizigo ya sokoni. Kivuko kisipunguze upana wala kina cha mtaro; kisichokidhi sharti hilo kivunjwe na kujengwa upya, hata kama mwenyewe ni mtu wa heshima.

Mashimo yafukiwe baada ya hapo. Ondoeni maji na tope, chongeni kingo zisimame wima, kisha jazeni moramu, yaani udongo wenye changarawe, tabaka kwa tabaka mkishindilia kila tabaka. Msitumie taka wala udongo wa shambani. Greda likija, ombeni barabara ichongwe iwe na mgongo, yaani katikati iinuke ili maji yagawanyike pande mbili.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, piteni na jembe mkiangalia mahali maji yanapouacha mtaro, na mpaandike kwa ajili ya barua ya mwaka unaofuata.