Kwenda Masafa Marefu kwa Zana Kamili za Askari wa Kirumi Kisiwani Lamu

Kwa wanaoigiza maisha ya jeshi la Kirumi, jambo linalompima mtu si pigano la maonyesho la robo saa, bali ni safari ya miguu ya kutwa, deraya, yaani vazi la chuma la vita, ikiwa mwilini, ngao mgongoni na mzigo begani. Vegetius, aliyekusanya mafundisho ya kijeshi ya Warumi, anaeleza kwamba kuruta alitakiwa kwenda maili 20 kwa saa tano za kiangazi, na azoezwe kubeba mzigo wa ratili 60. Maili ya Kirumi ilikuwa na mita 1,480 hivi, na ratili yao haikufika theluthi ya kilo, kwa hiyo tunazungumzia karibu kilomita 30 na kilo 20.

Saa hizo tano zisimtishe msomaji. Warumi walihesabu saa tangu jua linapochomoza, kama tuhesabuvyo sisi, na saa sita yao ilikuwa adhuhuri kama yetu. Lakini waliugawa mchana wowote mafungu 12, mrefu au mfupi, na kwa kuwa mchana wa kiangazi huko kwao ni mrefu mno, saa yao moja ilizidi dakika 70. Mtu wa Lamu, ambaye mchana wake haubadiliki sana mwaka mzima, akitumia saa sita na kitu za saa ya mkononi, amekwenda mwendo uleule.

Njia ninayoipendekeza huanzia Lamu mjini, hupita Shela, kisha hufuata ufuo wa bahari kuu kuelekea kijiji cha Kipungani. Ufuo huo una urefu wa kama kilomita 12, na kutoka mjini hadi Shela ni kilomita tatu hivi, basi kwenda na kurudi kunakaribia maili 20 za Vegetius. Hakuna magari ya kukwepa, na hilo peke yake ni neema. Anayeanza na aende upande mmoja tu, arudi kwa mashua.

Kabla ya yote, ifahamike kwamba mwenda masafa hashindwi na uzito. Hushindwa na mahali ambapo kitu kinagusa mwili na kusugua hatua elfu kumi. Kwa sababu hiyo maandalizi yote yaanze na swali moja: kitu hiki kinanigusa wapi, na pale pamelindwa na nini?

Miguu ndiyo ya kwanza. Kiatu cha askari, yaani kaliga, ni ndugu wa makubadhi yetu: ngozi iliyokatwa matundu, soli ya tabaka kadhaa, na chini misumari yenye vichwa vya mviringo. Fundi mzuri wa makubadhi anaweza kukishona akiletewa kielelezo, ila asimamiwe katika kukunja ncha za misumari ndani ya soli, kwani ncha moja iliyoachwa wima huharibu safari nzima. Kiatu kipya kivaliwe kikiwa kimelowa kidogo maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mtu atembee nacho hadi kikauke mguuni, kisha kipakwe mafuta. Mafuta ya nazi yanatosha. Sifa, yaani mafuta ya samaki ya kupakia majahazi, pia hulinda ngozi, lakini wenzako hawatakusamehe kwa harufu yake. Mchangani matundu ya kaliga yana faida na hasara, kwa kuwa maji ya bahari hutoka upesi lakini chembe za mchanga huingia na kufanya kazi ya msasa. Vaa soksi za sufu bila kuona haya: barua iliyofukuliwa Vindolanda, ngome ya Kirumi kaskazini mwa Uingereza, inataja soksi alizotumiwa mtu aliyekuwa huko. Kila baada ya saa moja kikosi kisimame, kila mmoja avue, akung'ute, na afunike pamba na bandeji mahali palipoanza kuwa pekundu, kabla lengelenge halijatumbuka.

Misumari hiyohiyo ina hila yake juu ya sakafu. Mwanahistoria Josephus anasimulia habari za Julianus, akida wa Kirumi aliyewafukuza maadui peke yake katika uwanja wa Hekalu la Yerusalemu, mpaka misumari ya viatu vyake ikateleza juu ya mawe laini, akaanguka na kuuawa. Mimi niliteleza kwenye saruji ya forodhani mbele ya wachukuzi na punda wao, nikasalimika na kicheko tu. Ukiwa mjini tembea kwa hatua fupi, mguu wote ukanyage kwa pamoja, na ngazi za gati ziteremkwe kwa upande.

Deraya ya pete za chuma, yenye uzito wa kama kilo 10, ndiyo ninayoichagua kwa safari, kuliko ile ya mabamba, kwa sababu pete hupitisha upepo na hufuata mwili. Siri yake iko kiunoni. Fungeni mshipi kwa nguvu juu ya deraya, kisha vuteni pete juu kidogo zimwagike juu ya mshipi. Hapo sehemu kubwa ya uzito huhamia kwenye nyonga na mabega hupumua. Chini yake vaeni fulana nene iliyoshonwa kwa pamba, na shingoni skafu, ambayo askari wa Kirumi nao walivaa ili chuma kisiwachubue. Msiloweshe fulana hiyo kwa maji ya bahari mkitafuta ubaridi, maana chumvi ikikauka hukata ngozi kama wembe. Kanzu fupi ya askari huishia magotini, na kupita nayo vichochoroni mbele ya watu wazima si adabu. Vaeni suruali fupi inayovuka goti, kama inavyoonekana katika michoro ya nguzo ya kaisari Trajan huko Roma, na hakuna atakayelalamika, si Mrumi wala Mwamu.

Kofia ya chuma isikae kichwani juani. Nguzo hiyohiyo inaonyesha askari walio safarini wakiwa vichwa wazi, na mizigo yao imefungwa kwenye fimbo iliyoegemezwa begani. Fimbo hiyo ni mpiko tu, ulioongezwa kipande cha mti kinachokingama karibu na ncha, na ufito wa mkoko unafaa sana. Mzigo wenyewe uwe na blanketi, sufuria, chakula na kiriba, vikifungwa karibu na bega iwezekanavyo, na bega libadilishwe kabla halijauma.

Ngao ndiyo itakayowasumbua zaidi Shela. Imepinda, ni pana, na wakati wa kusi hushika upepo kama tanga. Mkielekea Kipungani bahari iko kushoto na upepo huwapiga kutoka mbele upande huohuo, ambao ndio mkono wa ngao. Itieni katika mfuko wa ngozi ya mbuzi wenye ukanda, ibebwe mgongoni.

Wakati wa kusafiri una milango miwili, jua na maji. Chagueni Juni hadi Agosti, joto linapopungua, na mwondoke baada ya sala ya alfajiri. Kuhusu maji, tafuteni siku za bamvua, yaani za maji makubwa, ambapo bahari hukupwa asubuhi kuelekea saa nne na kuacha mchanga mgumu uliolowa, unaobeba mguu vizuri. Maji yakijaa mtasukumwa kwenye mchanga mkavu, na huko kilomita moja huwa na jasho la tatu. Ndiyo sababu mashua ya kuwarudisha iwe imekwisha kuagizwa.

Kunyweni nusu lita kila saa, na zaidi jua likipanda. Warumi walichanganya maji na siki, na kinywaji hicho nimekipenda: kijiko cha siki katika lita moja, chumvi ya kubana kwa vidole viwili, na asali kidogo. Chakula kiwe tende na mkate mkavu. Mwenzenu akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka au kuacha kutoka jasho, safari yake imekwisha: mvueni chuma, mtafutieni kivuli, mmwagieni maji, mpepeeni, na mashua imfikishe hospitali bila kungoja.

Askari wanane waliolala hema moja walikuwa na nyumbu wa kubebea hema lao na mawe ya kusagia. Lamu nyumbu hayupo, lakini punda yupo, na shogi, yaani mifuko ya kumpakilia mzigo mgongoni, ipo. Mkodini pamoja na mwenyewe, abebe maji na hema tu; asiongezewe ngao za waliochoka, kwani mzigo wa kupita kiasi ni miongoni mwa mambo yanayompeleka punda kwenye zahanati ya punda iliyopo mjini tangu 1987.

Polisi wapewe habari siku chache kabla, na panga ziwe butu, ndani ya ala muda wote.

Mkifika, msilale kabla hamjaosha deraya kwa maji baridi. Viringisheni pete ndani ya gunia lenye mchanga mkavu mpaka zing'ae, zikung'uteni, kisha mzipake mafuta. Hewa ya Lamu haihitaji zaidi ya usiku mmoja kuzitia kutu.